Kosa Lisilokufa: Historia ya Sheria ya "Habari za Uongo" nchini Uganda na Mustakabali wa Uhuru wa Vyombo vya Habari Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya kosa la kuchapisha habari za uongo nchini Uganda, kuanzia enzi ya ukoloni hadi sheria za mitandao za karne hii. Inaonesha kwamba hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2004 ilifuta kifungu, lakini haikugusa mamlaka yaliyokuwa nyuma ya kifungu hicho, yaani uwezo wa serikali kuwa mwamuzi wa kwanza wa ukweli. Mamlaka hayo yalibaki katika leseni na hati za upekuzi, kisha yakaingia katika sheria za kompyuta. Kwa kuilinganisha hukumu hiyo na ile ya kesi ya vyombo vya habari vya Rwanda iliyotolewa Arusha siku 70 kabla, makala inatetea hoja kwamba jamii ya kidemokrasia inaweza kuadhibu uchochezi wa mauaji bila kulifanya kosa la kuteleza katika habari kuwa jinai.

1.0 Utangulizi

Tarehe 11 Februari 2004, majaji saba wa Mahakama ya Juu ya Uganda walitamka kwa kauli moja kwamba kifungu cha 50 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kinyume cha Katiba. Kifungu hicho kilikuwa kikimtia hatiani mtu yeyote aliyechapisha taarifa, uvumi au ripoti ya uongo iliyoelekea kuleta hofu kwa umma au kuvuruga amani. Hukumu hiyo, katika rufaa ya Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda dhidi ya Mwanasheria Mkuu, imekuwa miongoni mwa hukumu zinazorejelewa sana katika mijadala ya uhuru wa habari barani Afrika.

Hata hivyo, miaka 18 baadaye, mwezi Oktoba 2022, Uganda ilipata sheria mpya inayomwadhibu kwa kifungo cha hadi miaka saba mtu anayesambaza kwa kompyuta habari zinazohesabiwa kuwa za nia mbaya. Maneno yalikuwa mapya na chombo kilichodhibitiwa kilikuwa kipya, ila kiini cha kosa hakikuwa kigeni. Swali linaloongoza makala hii ni hili: kwa nini kosa lililofutwa na mahakama ya juu kabisa ya nchi linaendelea kurudi?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba mahakama hufuta vifungu, nayo dola hushika mamlaka. Mradi mamlaka ya kuamua kipi ni kweli, na ya kuchukua hatua kabla ya uamuzi wa mahakama, yamebaki serikalini, kifungu kimoja kikifungwa kingine hufunguliwa.

2.0 Chimbuko la kosa

Asili ya kosa la habari za uongo ni Uingereza ya karne ya 13. Sheria ya Westminster ya mwaka 1275 ilikataza kusimulia uongo ambao ungeleta mfarakano kati ya mfalme na watu wake, au kati ya mfalme na wakuu wa nchi. Lengo lake halikuwa kuulinda ukweli, bali kuwalinda wakuu dhidi ya masimulizi ya walio chini yao. Uingereza yenyewe iliiondoa sheria hiyo katika vitabu vyake mwishoni mwa karne ya 19, baada ya kuwa imekwisha kutotumika kwa muda mrefu.

Kilichokuwa kimezeeka huko kilipata uhai mpya katika makoloni. Kanuni ya Adhabu ya Uganda ilianza kutumika Juni 1930, katika kipindi kilekile ambacho Kenya na Tanganyika zilipewa kanuni za namna hiyohiyo, zenye asili ya kanuni ya jinai ya Queensland nchini Australia. Kanuni hiyo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, ililaza kitanda kimoja makosa matatu: uchochezi dhidi ya serikali, kashfa ya jinai na habari za uongo. Katika uchochezi, kuthibitisha kwamba lililosemwa ni kweli hakukumwokoa mshtakiwa. Katika habari za uongo, mzigo wa kuthibitisha kwamba alichukua hatua za kuhakiki habari kabla ya kuichapisha ulikuwa mabegani mwake.

Sheria hizo hazikutungwa bila sababu. Kuanzia miaka ya 1920, magazeti ya Kiganda kama Sekanyolya na Gambuze yalikuwa yakiandika juu ya ardhi, kodi na mwenendo wa machifu kwa namna ambayo watawala hawakuizoea. Baada ya ghasia za Aprili 1949 katika Buganda, lawama nyingi ziliangukia magazeti ya wenyeji, na sheria za jinai zikawa fimbo ya kuwachapia wahariri. Kwa hiyo, hata kabla ya uhuru, uhusiano kati ya habari na jinai ulikuwa umekwisha kujengeka: machafuko yakitokea, mtuhumiwa wa kwanza alikuwa gazeti.

3.0 Bendera mpya, kanuni ileile

Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 ilirithi Kanuni ya Adhabu nzima. Viongozi waliokuwa wameshutumiwa kwa sheria hizo sasa walizishika mkononi. Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa jarida la Transition, lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy. Mwaka 1968 jarida hilo lilichapisha barua ya mbunge Abu Mayanja iliyokosoa mapendekezo ya katiba na kuhoji kucheleweshwa kwa uteuzi wa majaji Waafrika. Oktoba mwaka huohuo Neogy na Mayanja walikamatwa, na baadaye wakashtakiwa kwa uchochezi.

Mwanzoni mwa 1969 mahakama iliwaachia huru, lakini hawakufika nyumbani: walikamatwa tena na kuwekwa kizuizini chini ya kanuni za hali ya hatari. Neogy alitoka Machi 1969. Jarida lake likahamia Ghana.

Tukio hilo lina somo ambalo historia iliyofuata ilirudia mara nyingi. Mahakama ilifanya kazi yake na sheria ya uchochezi haikufua dafu. Serikali haikubishana na hukumu. Ilitumia mamlaka mengine yasiyohitaji hukumu. Chini ya Idi Amin, hata kisingizio cha sheria kilipungua. Padri Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno, aliuawa Januari 1973, na mwili wake ulikutwa ndani ya gari lake lililoteketezwa.

4.0 Dhahabu ya Kabila: kesi ya 1997 hadi 2004

Baada ya 1986 mazingira ya habari yalipanuka kuliko wakati wowote tangu uhuru. Mwaka 1992 kundi la waandishi lilianzisha gazeti la The Monitor bila fedha za serikali. Katiba ya mwaka 1995 iliweka katika ibara ya 29 uhuru wa kusema na kujieleza, ikitaja waziwazi uhuru wa vyombo vya habari. Ibara ya 43 iliweka mipaka ya haki hizo, kisha ikaiwekea mipaka yenyewe mipaka: serikali haiwezi kuzuia haki kupita kiasi kinachokubalika na kuthibitika kuwa cha lazima katika jamii huru na ya kidemokrasia.

Jaribio la maneno hayo halikuchelewa. Tarehe 21 Septemba 1997, miezi minne baada ya Laurent Kabila kuingia Kinshasa kwa msaada wa majeshi ya Uganda na Rwanda, toleo la Jumapili la The Monitor lilichapisha habari kwamba Kabila alikuwa ameilipa Uganda kwa dhahabu. Habari hiyo ilitolewa katika jarida la The Indian Ocean Newsletter la Paris, na gazeti lilitaja chanzo hicho. Mwezi uliofuata, mhariri Onyango-Obbo na mwandishi Mwenda walishtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo.

Waandishi hao walikwenda Mahakama ya Katiba kupinga kifungu chenyewe. Mwaka 1999, ombi lao likiwa bado halijaamuliwa, waliachiwa huru katika kesi ya jinai. Wangeweza kuishia hapo. Wakaendelea, kwa kuwa kuachiwa kwao hakukumwondolea mwandishi mwingine hatari ya kushtakiwa kesho. Julai 2000 Mahakama ya Katiba ililikataa ombi lao kwa wingi wa majaji wanne dhidi ya mmoja. Rufaa ikapanda Mahakama ya Juu.

Hukumu kuu iliandikwa na Jaji Joseph Mulenga. Hoja zake zinaweza kufupishwa katika mambo matatu. Kwanza, kauli haipotezi ulinzi wa Katiba kwa sababu tu inadhaniwa kuwa ya uongo, yenye makosa au isiyopendeza. Pili, haki ndiyo kanuni na mpaka ndio udhuru. Kwa hiyo anayetaka kuweka mpaka ndiye anayepaswa kuuhalalisha. Tatu, hatari inayohalalisha adhabu lazima iwe ya kweli, siyo ya kukisia. Kifungu cha 50 hakikudai kwamba madhara yametokea, wala kwamba yalikuwa karibu kutokea. Kiliridhika na uwezekano tu.

Msimamo huu unakubaliana na busara ambayo wazungumzaji wa Kiswahili wanayo tangu zamani: njia ya mwongo ni fupi. Methali hiyo haisemi kwamba uongo hauna madhara. Inasema kwamba uongo una adui yake wa asili, ambaye ni maelezo zaidi. Serikali yenye redio, televisheni, msemaji na bunge haikosi njia ya kujibu habari ya dhahabu.

5.0 Mlango wa pembeni: leseni na hati ya upekuzi

Ushindi wa 2004 ulikuwa wa kweli. Kesi zilizotegemea kifungu cha 50 zilikosa pa kusimama. Lakini hata kabla hukumu hiyo haijatolewa, njia nyingine ya kudhibiti habari ilikuwa imekwisha kuoneshwa. Oktoba 2002, rufaa ikiwa bado mahakamani, polisi waliingia katika ofisi za The Monitor baada ya gazeti kuandika kwamba helikopta ya jeshi ilikuwa imeanguka kaskazini mwa nchi. Gazeti lilifungwa kwa takriban juma moja.

Matukio yaliyofuata yana sura moja. Agosti 2005, kituo cha redio cha KFM kilisimamishwa kwa muda na Baraza la Utangazaji baada ya kipindi cha Mwenda kuhusu kifo cha John Garang, na Mwenda akashtakiwa kwa uchochezi. Septemba 2009, wakati wa machafuko yaliyotokana na kuzuiwa kwa ziara ya Kabaka huko Kayunga, vituo vinne vya redio vilizimwa. Kimojawapo, CBS, kilikaa kimya kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mei 2013, polisi walifunga kwa siku kumi ofisi za Daily Monitor na Red Pepper, pamoja na redio mbili zilizomo katika jengo la Monitor, wakitafuta barua ya Jenerali David Sejusa. Safari hii walikuwa na hati ya upekuzi, na hati ya kutafuta karatasi moja ikageuka amri ya kufunga gazeti zima.

Katika matukio hayo, adhabu ilitangulia hukumu. Kituo kilichozimwa kilipoteza matangazo, wafanyakazi walikosa mishahara, na wasikilizaji walikosa habari katika siku zilezile walizozihitaji zaidi. Hata mahakama ingeamua baadaye kwamba hatua haikuwa halali, muda uliopotea usingerudi. Ndiyo maana udhibiti wa kiutawala una nguvu kuliko kesi ya jinai. Mshtakiwa wa jinai ana wakili, jaji na rufaa. Mwenye leseni ana barua tu.

6.0 Kosa linarudi na jina jipya

Tarehe 25 Agosti 2010 Mahakama ya Katiba ilifuta pia vifungu vya uchochezi, katika shauri lililotokana na mashtaka ya Mwenda ya mwaka 2005. Hata hivyo kashfa ya jinai ilikuwa imekwisha kuthibitishwa na mahakama hiyohiyo mwaka 2009. Kitanda cha makosa matatu kilibakiwa na mlalaji mmoja, na punde akapata wenzake.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 ilileta, katika kifungu cha 25, kosa la mawasiliano ya kuudhi. Hapa kipimo kilishuka chini zaidi ya kile cha kifungu cha 50: kifungu cha zamani kilitaka angalau hofu ya umma, hiki kilitosheka na kuvurugwa kwa amani, utulivu au faragha ya mtu. Tarehe 10 Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kwa sababu zinazofanana na zile za 2004, yaani utata wa maneno na kutokuwa cha lazima katika jamii ya kidemokrasia. Lakini miezi mitatu kabla ya hukumu hiyo, marekebisho ya Oktoba 2022 yalikuwa yameanza kazi, yakiwa na makosa mapya ya kusambaza habari. Sheria mbadala ilikuwa tayari mezani kabla ile ya awali haijazikwa.

Hali hii si ya Uganda pekee. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki imetoa hukumu mbili zinazopaswa kusomwa pamoja na ya Kampala. Ya kwanza ilihusu sheria ya habari ya Burundi ya Juni 2013. Tarehe 15 Mei 2015 Mahakama iliamua kwamba baadhi ya vifungu vyake vilikiuka Mkataba wa Jumuiya, ambao ibara zake za 6 na 7 zinazitaka nchi wanachama kuheshimu demokrasia, utawala wa sheria na utawala bora. Siku mbili kabla, jaribio la mapinduzi lilikuwa limeanza Bujumbura, na kufikia wakati wa hukumu redio kadhaa za binafsi zilikuwa zimeshambuliwa na kunyamazishwa. Haki ya kutangaza ilithibitishwa Arusha wakati mitambo ya kutangazia imeharibiwa Bujumbura.

Ya pili ilihusu Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016, ambayo ilikuwa na makosa ya uchochezi na ya habari za uongo katika lugha iliyo karibu sana na ile ya Kanuni ya zamani. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama iliona kwamba vifungu vingi vya sheria hiyo vilikiuka Mkataba. Marekebisho ya sheria yalifika bungeni mwaka 2023.

7.0 Hoja ya usalama na somo la Arusha

Serikali za ukanda huu zina hoja nzito, na haifai kuipuuza. Rwanda ipo jirani. Redio RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, iliwataja watu waliotakiwa kuuawa na kuwahimiza wauaji. Anayesema kwamba maneno hayaui, katika eneo la Maziwa Makuu, hajasoma historia.

Lakini namna uhalifu huo ulivyohukumiwa ina mafundisho. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Siku 70 baadaye Kampala ilikifuta kifungu cha 50. Mahakama moja iliwafunga watu wa habari, nyingine iliwalinda, wala hukumu hizo mbili hazipingani.

Arusha haikuwahukumu washtakiwa kwa kuchapisha uongo. Miongoni mwa makosa yao lilikuwa uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani wa mauaji ya kimbari, kosa linalodai nia ithibitishwe na upande wa mashtaka. Mwaka 2007, kitengo cha rufaa kiliupunguza hata upeo wa hukumu hiyo na kupunguza vifungo, kikitofautisha matangazo ya chuki kwa ujumla na yale yaliyochochea mauaji waziwazi. Mahakama iliyokuwa na kila sababu ya kutumia nyavu pana ilichagua nyavu nyembamba.

Kuna jambo la pili. RTLM haikuwa chombo kilichoponyoka mikononi mwa dola. Ilikuwa karibu na wenye nguvu. Sheria ya habari za uongo isingeizuia, kwa sababu ambaye angepaswa kuitumia alikuwa upande wake. Sheria za namna hiyo humfikia anayewaudhi watawala, nazo humwacha anayewatumikia.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyoelezwa inaonesha mzunguko: sheria hutungwa kwa maneno mapana, waandishi hushtakiwa, mahakama hufuta baada ya miaka mingi, na sheria nyingine huchukua nafasi. Kati ya mashtaka ya 1997 na hukumu ya 2004 ilipita zaidi ya miaka sita. Kukata tawi kila baada ya miaka sita si njia ya kung'oa mti.

Kwa watunga sera, mambo matatu yanafuata. La kwanza ni kwamba muswada wowote unaogusa habari upimwe kwa hoja za 2004 kabla ya kupigiwa kura: je, unadai madhara ya kweli au unaridhika na uwezekano? Je, mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwendesha mashtaka? La pili ni kwamba uwezo wa kusimamisha leseni au kufunga ofisi uondolewe kwa maofisa na kuwekwa chini ya amri ya jaji, itolewayo baada ya kusikiliza pande zote na kwa muda uliowekewa kikomo. Hapa ndipo hukumu zote za Kampala zilipoacha pengo. La tatu ni kwamba nchi wanachama wa Jumuiya ziweke utaratibu wa kutoa taarifa za utekelezaji wa hukumu za Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ili hukumu isibaki karatasi.

Habari ya dhahabu ya mwaka 1997 ilijadiliwa mahakamani kwa miaka mingi kama suala la amani ya umma. Swali ambalo raia wa Uganda, na wa Kongo, walikuwa na haki ya kuliuliza lilikuwa jingine: nani alinufaika na vita ile? Sheria inayomwadhibu anayeuliza vibaya humtisha pia anayeuliza vizuri, na nchi ambayo maswali ya aina hiyo hayaulizwi hugundua gharama zake ikiwa imekwisha kuzilipa.